Admini Amemtoa Mama Mkwe

Sehemu ya tisa

"Murithi, umemtoa mama kwenye grupu!"

Hapo ndipo tulipowaacha Alhamisi iliyopita, na najua kuna wasomaji walionilaani mpaka leo. Poleni. Sasa shikeni magazeti yenu vizuri, maana mambo ya leo yana miguu.

"Mama gani?" Murithi aliuliza. Alikuwa amekalia gunia la viazi ghalani kwake Kibirichia, simu moja sikioni, nyingine mkononi.

"Mama yangu!" Wawira alipiga kelele kutoka Embu. "Huyo mama mnakuja kuona Jumamosi!"

"Wawira, tulia. Leo nimetoa mtu mmoja tu. Nimemtoa Njoka, mzee mmoja mkorofi wa huko kwenu. Ana picha ya kondoo dume."

"Hiyo ni laini ya baba."

"Ngai! Nimemtoa baba yako?"

"Baba alikufa miaka tisa iliyopita, Murithi! Hiyo laini inatumiwa na mama. Jina hakubadilisha. Na huyo kondoo alikuwa wa baba."

Gunia liliteleza. Murithi akateleza nalo, akajikuta chini ya rundo la viazi vyenye udongo, miguu juu, simu zote mbili zikiwa salama kwa neema ya Mungu tu.

Kwa wewe uliyechelewa kupanda: Murithi ni mkulima wa viazi, umri miaka thelathini na minne, na ndiye admini mkuu wa grupu la WhatsApp liitwalo Waru Bila Mipaka, waru zikiwa ndizo viazi kwetu. Ndani yake kuna wakulima wa Buuri, wauzaji wa Embu, na wengine ambao hakuna ajuaye walifuata nini. Kijana ana laini mbili. Moja ni ya biashara, na huko anajulikana kama Admini Buuri, picha yake ni gunia. Ya pili ni ya moyo, na moyo wenyewe ni Wawira, karani katika ofisi moja mjini Embu. Keshokutwa, Jumamosi, watu wa Murithi wanakwenda Embu kwa ruracio, kumposa rasmi. Mama wa bibi arusi hajawahi kumwona kijana hata kwa picha, na kijana hajawahi kumwona mama, kwa sababu mkwe hazoewi kama kibanda cha chai.

Hajawahi kumwona, ndiyo. Lakini kumtukana alikuwa ameshamtukana siku kumi na moja mfululizo.

"Anajua ni mimi?" Murithi aliuliza kutoka chini ya viazi.

"Hajui. Anajua tu ni Admini Buuri. Na ameapa siku akimpata huyo Admini, atamchemsha na maganda."

"Na wewe umejuaje ni mimi?"

"Amenionyesha simu akilia. Nikaona ile picha ya gunia. Kando ya gunia kuna gambuti ya kijani, kiatu cha matope. Si hiyo gambuti nilikununulia mimi?"

Murithi hakusikia habari ya gambuti. Alikuwa amekwama kwenye neno moja.

"Akilia?"

"Akilia, Murithi. Mama hakulia hata wakati wa kesi ya kutunyang'anya shamba. Leo amelia kwa sababu ya waru. Mrudishe. Umwombe msamaha kabla ya Jumamosi, ama usikuje." Simu ikakatika.

Murithi alijifukua, akafuta kioo cha simu kwa shati, akaanza kusoma ugomvi wote tangu mwanzo. Ulikuwa umeanza na swali dogo tu. Viazi vioshwe kabla ya kuuzwa, au visioshwe? Yeye alikuwa amesema visioshwe, vinaoza. Njoka akasema vioshwe, mteja hataki kununua shamba. Hapo pangetosha. Watu wangekunywa chai, wakaenda kulala.

Lakini siku ya tatu Murithi alikuwa ameandika, "Watu wa Embu mnajua nini kuhusu waru, nyinyi si mnakula mihogo?" Siku ya tano Njoka akamjibu kwamba yeye ni gunia tupu, halisimami. Siku ya nane Murithi akaandika, "Tabia yako ni ya mtu asiye na mke." Njoka akajibu kwa maneno mawili: "Sina mke." Na Murithi, mtoto wa watu, aliyelelewa kanisani na kupata kipaimara, akaandika: "Si ajabu. Nani angekaa na wewe?"

Watu kumi na sita walituma stika za kucheka. Siku ile Murithi alijiona bingwa. Leo aliyasoma maneno yale akimwona mama mjane ameketi jikoni na simu ya marehemu mumewe, anaulizwa nani angekaa naye. Aliona aibu ya kweli. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyu alikuwa amemtukana mkunga, akamfungia na mlango.

"Namrudisha sasa hivi," akasema, akanyoosha kidole.

Kidole kikaganda. Kanuni ya saba!

Kanuni ya saba aliitunga yeye mwenyewe, siku moja alipokuwa na majivuno. Inasema: "Aliyetolewa hatarudi mpaka wazee watatu wa grupu wakae, na mwenye makosa atoe mbuzi." Umeruni hakuna kosa linaloisha bila mbuzi, hilo mtoto mdogo anajua. Na kwa kuwa mbuzi hapiti kwenye simu, Waru Bila Mipaka walikubaliana kwamba mbuzi awe stika. Walichagua mbuzi mmoja mnene mwenye utepe mwekundu shingoni. Tangu siku hiyo ukimtukana mtu, unatoa mbuzi mbele ya watu wote, na kesi imekwisha.

Wazee wenyewe walikuwa Murithi, Mwalimu Karambu na Kaberia. Karambu ni mwalimu mkuu mstaafu, jirani wa Murithi, mwanamke ambaye hata mbwa wake hubweka kwa sarufi. Kaberia ni mnunuzi wa miraa kule Laare, hana hata mche mmoja wa kiazi. Aliingia kwenye grupu kwa makosa mwaka juzi, akapendwa kwa mdomo wake mtamu, akafanywa admini.

Murithi aliwapigia wote wawili kwa pamoja.

"Nani amekosa?" Karambu aliuliza kabla hata ya salamu kuisha.

"Mimi, Mwalimu."

"Kosa gani?"

"Nimetoa Njoka. Na Njoka si mzee. Ni mama. Ni mama yake Wawira."

Upande wa Laare kutafuna miraa kukasimama. "Mkwe?" Kaberia aliuliza. "Umefukuza mkwe?"

"Sikujua!"

"Swali si ulijua nani," Karambu alisema. "Angekuwa mzee Njoka kweli, yale maneno yangekuwa mazuri?"

Kwa Murithi, swali lilikuwa kali kuliko alivyotarajia.

"Nimekuwa nikisoma siku kumi na moja," Mwalimu aliendelea. "Wewe unazungumza juu ya viazi vya ghalani. Kule viazi vikioshwa vinaoza, na uko sawa. Yeye anazungumza juu ya viazi vya kibandani, vya kuuzwa siku hiyo hiyo. Hapo mteja anataka visafi, na yeye yuko sawa. Mmegombana kwa sababu hakuna aliyemuuliza mwenzake, unasema viazi vya wapi?"

"Mbona hukusema, Mwalimu?"

"Nilisema! Siku ya nne nilianza kwa kukurekebisha. Nilisema ni viazi haviozi, si viazi haiozi. Ukanijibu nikafundishe watoto sarufi, niwaache watu wazima."

"Woi. Samahani, Mwalimu."

"Samahani yako nimeipokea. Sasa sikia. Kabla ya kubonyeza, soma ulichoandika kwa sauti, kama vile huyo mtu yuko jikoni kwako, ameshika kikombe chako cha chai. Kama huwezi kukisema mbele ya kikombe, usikitume."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kaberia, una neno?"

"Mimi nasema mbuzi itoke," Kaberia alisema, na kutafuna kukaendelea.

Kikao kikaisha hapo. Murithi akabonyeza jina la Njoka amrudishe. Simu ikakataa! Ikamwambia mtu huyu haongezwi hivi hivi, labda umtumie mwaliko yeye binafsi, akitaka aingie, asipotaka basi. Mama Nelius, Nelius likiwa jina lake mwenyewe, alikuwa ameshafunga mlango kwa ndani.

"Mwandikie," Karambu alisema.

"Mimi? Nimwandikie mkwe, mimi kwa yeye, kabla ya ruracio? Mwalimu, hiyo ni kukosa heshima!"

"Kumtukana uliweza."

"Nilikuwa sijui!"

"Niachieni mimi," Kaberia aliingilia. "Kijana hawezi kuongea na mkwe bila mdomo wa mtu mwingine. Mimi ndio mdomo. Nimesimama kusema kwa nyumba kumi na nne, Igembe mpaka Imenti, na hakuna hata moja walinifukuza."

Msomaji, hapa ndipo Murithi alipaswa kuuliza swali moja tu. Alipaswa kuuliza, umesimama kusema nini katika hizo nyumba kumi na nne? Hakuuliza. Mtu anayezama hakagui kamba.

"Sawa," alisema. "Lakini usitaje jina langu. Sema Admini tu. Na usiende moja kwa moja. Zunguka zunguka, ongea kwa heshima, kama watu wazima."

"Kijana," Kaberia alisema, "kuzunguka ndio kazi yangu."

Nusu saa ikapita. Murithi alichambua viazi, vikubwa huku, vidogo kule, akavichanganya tena bila kujua. Hatimaye simu ya biashara ikalia. Kaberia alikuwa amemtumia nakala ya ujumbe wa sauti, na chini yake akaandika, "Imeshafika. Ameskiza yote."

Murithi akafungua.

"Mama, muga," sauti ya Kaberia ilisalimia kwa Kimeru, imelainika kama uji wa mgonjwa. "Mimi naitwa Kaberia wa Laare. Sijakuja kwa akili yangu, nimetumwa. Nimetumwa na mtu mzima, mtu wa shamba, anaitwa Admini. Mama, tangu utoke kwa boma yetu, hiyo boma imekuwa baridi. Huyu mtu hakuli, halali. Sasa tumefuata nyayo. Kuna kondoo jike yetu ilipotea, na nyayo zimefika mpaka kwa mlango yako. Hatujakuja na fimbo, mama. Tumekuja na mbuzi. Ukipokea hiyo mbuzi, tujue umetufungulia mlango. Huyu mtu anataka tu murudi mukae pamoja. Nimemaliza."

Chini ya ujumbe alisimama yule mbuzi mnene, utepe mwekundu shingoni, na chini yake mwaliko wa kurudi kwenye grupu.

Murithi alisikiliza mara ya pili. Alipofika kwenye kondoo jike, akapiga simu.

"Kaberia! Umesema nini?"

"Nimeomba msamaha."

"Msamaha uko wapi hapo?"

"Si nimesema mbuzi?"

"Kondoo jike imepotea, nyayo zimefika kwa mlango, hayo ni maneno ya kuposa! Hivyo ndivyo watu husema wakienda kuomba msichana! Kaberia, umeniposea mama mkwe!"

Kaberia alitema kwanza alichokuwa akitafuna.

"Sasa," Kaberia alisema polepole, "mtu akitaka kuongea kwa heshima, ataongea aje? Mimi heshima najua ni hiyo moja."

"Futa!"

"Kufuta nini na ameshasikia? Hata amejibu. Ameuliza, huyo Admini ni mjane ama ni mtu hajawahi kuoa?"

"Na hukumjibu. Sema hukumjibu."

"Kunyamazia mama ni kukosa adabu. Nilimwambia hajawahi kuoa, lakini ana magunia mengi."

Murithi alikaa chini. Safari hii hakuteleza, alikaa mwenyewe, kwenye udongo. Kabla hajajua la kufanya, simu ya biashara ilimwonyesha kwamba Njoka amejiunga na grupu kupitia mwaliko.

Grupu zima likanyamaza. Watu waliokuwa wakiuliza bei ya mbegu walinyamaza. Yule wa Nkubu ambaye hutuma sala za asubuhi saa kumi jioni alinyamaza. Kila mtu alikuwa akisubiri vita vianze upya, wengine wameshaandaa stika zao.

Ujumbe ukaingia, mrefu, umeandikwa taratibu.

"Hamjambo nyinyi wote. Mimi si mzee Njoka. Njoka alikuwa bwanangu, Mungu amlaze pema. Mimi ni mama Nelius. Niliacha jina lake kwa simu kwa sababu watu wengine bado hupiga wakimuuliza, na mimi hupenda kuskia wakimuuliza. Admini, nilikuita gunia tupu. Hiyo ilikuwa kukosa adabu kwangu, naomba msamaha. Mambo ya waru tutaongea pole pole. Na mbuzi yako nimeiona. Maneno ya mzee wako pia nimeyaskia. Jumamosi niko na wageni wa msichana wangu mpaka saa nane. Wakienda, wewe kuja."

Kama ungekuwa Kibirichia dakika ile, ungesikia kiazi kikidondoka.

Kisha grupu likalipuka. "Hongera Admini!" "Kumbe vita ilikuwa mapenzi!" Mtu wa Runyenjes alituma keki ya orofa tatu. Wa Nkubu alituma sala ya ndoa. Mwingine aliuliza kama waru za arusi zitaoshwa ama hazitaoshwa, akapigiwa makofi na watu arobaini. Katikati ya vigelegele hivyo, Mwalimu Karambu aliandika, "Ni mbuzi wako, si mbuzi yako. Lakini hongereni." Sekunde tatu baadaye akamwandikia Murithi kando: "Kijana, umefanya nini?"

Murithi alianza kuandika haraka haraka mbele ya wote. "Mama, samahani, hapana, haikuwa posa, ni makosa ya..."

Kidole kikasimama hewani.

Alikumbuka kikombe. Akasoma kwa sauti pale ghalani, kama Mwalimu alivyomfunza: "Mama, haikuwa posa." Akamwona mama yule ameketi mbele yake. Huyu ndiye mama ambaye leo asubuhi alilia. Ametoka mwenyewe hadharani, ameomba msamaha ambao hakuombwa, ametaja jina lake na la mumewe. Sasa amwambie mbele ya watu zaidi ya mia mbili kwamba hakuna anayemtaka? Yale ya siku ya nane yangekuwa mzaha ukilinganisha na haya. Murithi akafuta neno moja moja mpaka kioo kikawa cheupe. Kwa mara ya kwanza tangu awe admini, alikuwa ameshinda mabishano kwa kunyamaza, na ushindi ulikuwa unamuua.

Akampigia Wawira.

"Murithi, umempa mama nini?" Wawira alinong'ona. "Anaimba! Yuko jikoni anaimba. Sijaskia mama akiimba tangu baba aende. Ametoa ile rinda ya zambarau kwa sanduku."

"Kaberia ameniposea mama yako."

Upande wa Wawira ikasikika sauti ndogo, na Murithi hakujua kama ni kicheko au kilio. Wawira mwenyewe hakujua.

"Mwambie ukweli," Murithi aliomba. "Wewe ni mtoto wake."

"Nimwambie huyo bwana anakuja saa nane ndiye huyo kijana anakuja saa nne? Nikisema hivyo, Jumamosi hakuna saa nne na hakuna saa nane. Murithi, wewe ndio ulianza. Maliza. Lakini usimwaibishe mama yangu. Ukimwaibisha tena, hata mimi hunipati."

"Nitamwandikia yeye peke yake. Kwa upole."

"Leo."

"Leo hii."

Na kweli, wasomaji, kijana alijitahidi. Alikaa juu ya debe, akashika simu ya biashara, akaandika ujumbe mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Alisema kosa lilikuwa lake tangu neno la kwanza. Alisema mjumbe alitumwa kuomba radhi, akapotea njia kwa sababu ya heshima kuzidi. Alisema mama ni mtu wa kukaliwa naye, na aliyeuliza nani angekaa naye alikuwa mjinga. Akausoma kwa sauti mara mbili, ukapita mtihani wa kikombe. Machozi yalimlengalenga. Alibakiza jambo moja tu, kuandika jina lake kamili chini.

Aliandika M. Aliandika U. Na simu nyingine, ile ya moyo, ikalia. Namba haikuwa na jina.

"Haloo?"

"Murithi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, nzito kidogo, yenye furaha. "Mwanangu, ni mama Wawira. Nimetoa namba yako kwa Wawira kwa nguvu. Najua si desturi, mnisamehe, lakini niko na jambo."

Murithi alisimama wima, akavua kofia, peke yake ghalani.

"Shikamoo, mama. Hakuna shida, mama."

"Mwanangu, hii nyumba haina mwanaume. Jumamosi ukishakubaliwa, wewe ndio kijana yangu. Sindio?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wazee wako wakimaliza, wewe usirudi nao. Ubaki. Saa nane kuna mzee anakuja kuniona mimi." Akacheka kidogo, kicheko cha msichana. "Usiambie watu. Ni mtu wa waru, tena wa huko kwenu. Mdomo yake ni mbaya lakini ametuma mbuzi. Nataka wewe ndio umuulize maswali. Umuulize sana. Umuulize kama hukasirika ovyo. Umwangalie kwa macho, mtu hujulikana na macho."

"Mimi... nimwangalie kwa macho?"

"Nani mwingine? Wewe ni wa waru na yeye ni wa waru, mtaskizana. Ngoja kidogo, usikate. Nimwandikie saa hii nimuulize kama hukunywa chai ya maziwa ama ya rangi, ndio Wawira aandae."

"Mama, ngoja, kuna kitu nilitaka..."

Ting!

Simu ya biashara, ambayo Murithi huifungua sauti mpaka mwisho ili asikie wateja akiwa shambani, ililia karibu na sikio lake kama kengele ya shule.

"Ni nini hiyo?" mama Nelius aliuliza.

"Ni... ni simu, mama. Ya jirani."

"Ahaa. Ya jirani." Akasikika akibonyeza tena. "Nimesahau kumuuliza sukari."

Ting!

Murithi aliikamata simu aipunguze sauti. Vidole vilikuwa na udongo, kioo kikakataa kumtii. Akaisugua kwa suruali, ikafungua picha. Akaisugua tena, ikawasha tochi. Mwishowe akaitia chini ya gunia, akalikalia gunia kwa uzito wake wote, jasho likimtoka.

Upande wa pili furaha ilikuwa imeondoka kwenye sauti. Mama Nelius alizungumza polepole sana.

"Murithi."

"Naam, mama."

"Huyo jirani yako ako karibu?"

"Ametoka... ametoka sasa hivi, mama."

"Ameenda na simu?"

Murithi alifungua mdomo. Uongo wote aliokuwa nao ulikuwa umekwisha, na ukweli ulikuwa bado umekaa kwenye simu iliyo chini yake, umekamilika isipokuwa jina.

"Usinijibu," mama Nelius alisema. "Nyamaza hivyo hivyo, mwanangu. Wawira! Wacha hizo sufuria, kuja hapa uskize na mimi. Natuma meseji ya tatu."